Kidonge cha Barabara

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa Butembo jinsi utumbo mwembamba unavyotembeza chakula. Nilikuwa na mbinu yangu. Nilichukua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikatumbukiza kiazi kidogo cha Lubero kilichochemshwa, kisha nikaukamua mpira nyuma ya kiazi, hatua kwa hatua, mpaka kikachomoza upande wa pili na kuanguka mezani. Darasa lilicheka, mimi sikucheka. Niliandika neno péristaltisme ubaoni kwa chaki nyekundu, na aliyekosea kulinakili nilimwandikisha mara ishirini. Nilijiona mtu anayeujua utumbo. Lakini sikuwahi kuusikiliza hata mara moja, wala haikunipitia akilini kwamba kuna haja.

Aliyenifungua masikio ni mama yangu mzazi, mjane anayeuza mawese Beni. Mara moja au mbili kwa mwezi yeye na wenzake watatu hupakia madumu ya mafuta kwenye basi dogo, wanakuja kuuza Butembo, wanarudi na viazi na maharagwe ya nyanda za juu. Ukitazama ramani, Beni na Butembo ni majirani. Lakini kwenye njia ile kuna vipande ambavyo dereva akishaviingia hasimami, na kila abiria anajua sababu bila kuambiwa: porini kuna watu wenye bunduki. Mtoto akitapika atapika mapajani mwa mama yake. Mtu mzima akibanwa, ajibane.

Safari ninayoisimulia alikuja kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya binti yangu. Alifika siku ya Alhamisi, ameshika kiuno, uso umempauka kwa vumbi na uchovu.

"Barabara imenivunja mugongo," alisema, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona.

Mimi ni mtu wa haraka. Sijui kumtazama mtu anaumwa nikatulia. Nikatoka hadi kwenye duka la dawa la kona yetu, rafu tatu na meza moja, nikaomba kitu kikali cha mgongo. Muuzaji hakuniuliza ni cha nani, ana umri gani, wala amemeza nini kingine. Alinipa tramadol, nami nikampa mama, asubuhi na jioni, nikimsimamia mpaka ameze. Kwa kawaida mama hubishana nami hata juu ya chumvi. Safari hii alimeza bila neno, na mimi, mjinga mwenye diploma, nikadhani hatimaye ameanza kuniheshimu.

Jumapili tulitoka kanisani na binti yetu katika gauni jeupe, tukachinja mbuzi, mke wangu akapika sombe, yale majani ya muhogo, na wali. Mama alikaa mahali pa heshima. Alisukuma nyama upande huu wa sahani, akairudisha upande ule, akasema ameshiba kwa furaha. Mke wangu ana macho makali kuliko yangu. Jioni aliniita jikoni, akaniambia kitenge cha mama kimekaza tumboni, na kwamba tangu afike hajaenda chooni hata siku moja. Jirani aliyekuwa akisaidia kuosha vyombo akashauri tumpige lavema, maji ya majani ya kusukuma kwa nyuma, dawa ya bibi zetu. Nilikuwa karibu kukubali. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa, kwa sababu nyumba ilikuwa bado na wageni.

Jumatatu asubuhi alitapika maji ya kijani. Tumbo lilikuwa limepanda, limekaza, na hata kulishika ilikuwa shida. Tukampeleka hospitali.

Daktari aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mpole, anayezungumza polepole hadi nikawashwa mwili. Pamoja naye alikuwa muuguzi mmoja, mama mzee wa sauti ya kukwaruza ambaye bila shaka alikuwa amewazika na kuwazalisha nusu ya mtaa wetu. Daktari alimwinamia mama.

"Mama, unakunywaka dawa gani?"

"Hapana dawa, Docteur. Mie siko mutu ya dawa."

Akanigeukia, akaniita kama walimu tunavyoitwa kwetu. "Prof?"

"Hapana," nikasema.

Karatasi ya tramadol ilikuwa mfukoni mwa shati langu wakati huo. Sikusema uongo kwa makusudi. Daktari alikuwa akiuliza habari za tumbo, na mimi, kama mama bila shaka, niliwaza tumbo. Dawa ya mgongo niliiweka kwa mgongo, kila kitu kwenye kabati lake, kama ninavyopanga sura za kitabu darasani.

Yule mama muuguzi akaweka kifaa chake cha kusikilizia tumboni, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Akahamisha upande wa kulia, juu, chini, akangoja tena. Mwishoni akakivua masikioni.

"Docteur, huku ndani kumenyamaza."

Nikauliza kumenyamaza vipi. Alinipa kile kifaa. Nilisita. Kwetu mwanamume mzima haangalii tumbo la mama yake, na mama alijua ninachowaza, maana aligeuza uso ukutani, akasema taratibu, "Sikiliza tu, mwana wangu. Ni mule ulitokaka."

Nikasikiliza. Kwa mbali nilisikia moyo wake, ukienda kwa haraka. Nilisikia pumzi ikipanda na kushuka. Lakini pale chini ya kidole cha muuguzi, mahali ambapo kwa mujibu wa ubao wangu kazi haikomi, hapakuwa na kitu. Alinishika mkono nisiinue, nikangoja dakika nzima, kisha nyingine. Sijawahi kuogopa kelele yoyote duniani, na nimesikia nyingi, kama nilivyouogopa ukimya ule.

Walipiga picha. Daktari akaishika mbele ya dirisha, akanionyesha mifuko myeusi ya hewa, mmoja juu ya mwingine, kisha akanitoa nje kwenye varanda.

"Iko mambo mbili," alisema. "Ao matumbo ya mama yamejikunja, yamejifunga. Ile ni kisu, na haraka. Ao yamesimama tu, yamelala. Ile kisu haisaidie kitu, tena moyo ya mama haiko na nguvu. Nikimupa dawa ya usingizi, anaweza kosa kuamuka."

"Na ukingoja?"

"Kama yamejifunga, nikingoja yataoza."

"Sasa utajua namna gani?"

"Picha inanionyesha kama yamelala. Mais mutumbo hailale bure, Prof. Lazima iko sababu, na mama hana kidonda, hana homa, hana dawa. Kama kesho saa ine ya asubui sijapata sababu, nitapasua."

Usiku huo mke wangu alibaki naye kama mlinzi wa mgonjwa. Mimi nilirudi kwa watoto, na sikulala.

Jumanne ilikuwa siku ambayo mama alipaswa kurudi Beni na wenzake. Kwa hiyo asubuhi mapema, kabla ya hospitali, nilipitia kituo cha mabasi kuwaambia wasimngojee. Nikawakuta wote watatu wamekaa juu ya magunia ya viazi, wamejifunga shuka kwa baridi. Niliwaambia mama ni mgonjwa, yuko hospitali. Walisikitika kweli, mmoja akashika shavu. Dereva akawasha injini. Ndipo yule mkubwa wao, mama mnene mwenye leso ya njano, akatoa ndani ya blauzi kifuko kidogo cha plastiki, akampa kila mwenzake vidonge viwili vya rangi mbili, kama padri anavyogawa komunyo. Wakameza kwa chupa moja ya maji, wakipokezana.

"Mais hii ni nini?" nikauliza.

"Ni ya barabara," akanijibu, akashangaa kwamba mwalimu hajui kitu kama hicho.

"Ya barabara namna gani?"

"Ya kufunga tumbo, Prof. Juu gari haisimamake. Unameza mbili, unafika muzima."

Nikaomba kifuko, nikasoma. Loperamide. Dawa ya kuzuia kuharisha, ile inayosimamisha utumbo.

"Mama yangu naye anamezaka?"

"Shiye bote tunamezaka."

"Siku ya kuja alimeza ngapi?"

Wakatazamana. "Siku ile alimeza sita," akasema mwenye leso. "Tangu juzi yake tumbo ilikuwa inamukimbiza. Aliogopa. Na njiani akaongeza tena, sijue mbili, sijue tatu."

Hasira ilinipanda, na ninapopandwa na hasira napiga kelele. Niliuliza kwa nini hakusema. Daktari amemuuliza mbele yangu ni dawa gani anakunywa, kwa nini akajibu hapana? Yule mama alinitazama bila kukasirika.

"Atasema nini, Prof? Ile haiko dawa. Ni safari. Ni kama vile kulipa tike."

Hapo ndipo mkono wangu ulipokwenda wenyewe mfukoni, na karatasi ya tramadol ikanikwaruza vidole. Kelele zikaniishia. Nilikuwa nimesimama mbele ya wanawake watatu nikiwafokea kwa kosa ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelibeba mfukoni tangu Alhamisi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema, na mimi nilificha bila hata kujua ninaficha. Nikapanda pikipiki ya kwanza. Ilikuwa inakaribia saa tatu na nusu.

Nilimkuta daktari akinawa mikono. Nikamwekea mezani vitu viwili, kifuko cha barabara na karatasi ya mgongo, nikasema yote, na sauti yangu haikuwa ya mwalimu. Nilitegemea anitukane. Angenitukana ningepona upesi. Badala yake alivuta kiti akakaa, akavitazama vile vidonge kwa muda, akatabasamu kidogo.

"Donc yamelala," alisema. "Sasa tunajua nani aliyalaza."

Nilikuwa nimewasomesha watoto utumbo, na asubuhi hiyo nilisomeshwa mimi, nimesimama, koti mkononi. Daktari aliniambia kwamba ukuta wa utumbo una mishipa yake ya fahamu, mingi ajabu, imesukwa ndani ya nyama yenyewe toka juu hadi chini. Haingoji amri ya kichwa. Ukikata kipande cha utumbo wa mnyama ukakiweka kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi yake sawasawa, kitaendelea kujikamua peke yake, bila ubongo, bila moyo, bila mwenyewe. Kwenye mishipa hiyo kuna vilango. Dawa ya mgongo inapita kwenye vilango vya kichwani na vya uti wa mgongo ili maumivu yanyamaze, lakini vilango vya namna ileile viko pia tumboni, na dawa haichagui. Kidonge cha barabara nacho ni jamaa yake, ila chenyewe kinabaki tumboni tu. Hicho cha barabara kilitangulia kufunga nusu ya milango. Mimi nikaenda kufunga iliyobaki, asubuhi na jioni.

Akaniambia pia kuna dawa zinazofanya kinyume. Ile eritromisini tunayowapa watoto kwa kikohozi huuchokoza utumbo mwembamba, huusukuma utake usitake, na ndiyo sababu wengi wakiimeza wanalia tumbo. Nikamkumbuka binti yangu mwaka aliougua kifua, alivyojikunja kitandani, na mimi nikimkemea kwamba anaigiza. Nikauliza kama mama hawezi kupewa hiyo basi, aamshwe. Akatikisa kichwa.

"Bado. Mutu amelala sababu bamemupa dawa ya usingizi, hapana kumupiga fimbo. Tunaacha dawa itoke. Tutamwekea sonde, tutamupa potasiamu ndani ya serum, atatembea. Homa ikipanda, ao tumbo ikikuwa ngumu, nitapasua hata leo. Kama sivyo, tutangoja mupaka tusikie."

Nikaingia kwa mama. Walikuwa wamempitishia mpira mwembamba puani kuvuta maji yaliyosimama tumboni. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwonyesha kifuko.

"Mama, hii ulimeza ngapi?"

"Ile?" Aliona haya. "Ile haiko dawa, mwana wangu."

"Ilianza lini?"

Mke wangu alitaka kuondoka, mama akamzuia kwa mkono. Kisha akatueleza kitu ambacho katika miaka yote ya mawese yake hajawahi kukisema nyumbani. Safari moja, zamani kidogo, mama mmoja waliyekaa naye kiti kimoja alimwomba dereva asimame. Alikuwa anaharisha, amejikaza hadi machozi. Dereva alikuwa na huruma, akasimama.

"Akashuka peke yake," mama alisema. "Akaingia ndani ya majani. Tulingoja. Tulingoja sana. Hatukumuona tena." Aliushika mpira uliomsumbua pua. "Tangu siku ile hapana mutu ananisikia naomba gari isimame."

Nilikuwa nimemwita mjinga moyoni mwangu tangu kituoni hadi hospitalini.

Saa nne ikapita, na daktari hakuja na kisu. Tulimtembeza mama koridoni, mke wangu akishika mkono, mimi nikisukuma chuma kinachobeba chupa ya serum, chenye gurudumu moja bovu. Kila baada ya muda yule mama muuguzi alisikiliza, na kila mara aliinua kichwa, akakitikisa. Saa sita ikapita, kisha saa nane. Alimpima homa, haikuwapo. Nilimuuliza maswali hadi akanichoka. Kumbe sauti za tumbo si za chakula tu, aliniambia. Hata mtu akiwa hajala, utumbo mwembamba hauketi. Kila baada ya saa moja na nusu hivi unajifagia wenyewe, mwendo mmoja wa nguvu kutoka juu hadi chini, unaondoa mabaki.

"Ni salongo," alisema. "Sawa vile tunafagiaka mutaa siku ya posho, Jumamosi. Mais ya tumbo hapana chef wa kuamuru."

Nilisimama pale nikiwaza kwamba salongo hiyo ilikuwa ikiendelea ndani ya kila mtu wodini, ndani ya mke wangu, ndani yangu nikiwa nimelala, nikiwa nakasirika, tangu siku niliyozaliwa, na sikuwahi kushukuru hata mara moja. Nilishika tumbo langu juu ya shati kwa namna ya kijinga. Mke wangu aliniona, akageuka pembeni asicheke.

Saa tisa mvua ya Butembo ikaja, ile inayoshuka kama imetumwa. Ikapiga mabati ya wodi hadi watu wakawa wanaongea kwa ishara. Muuguzi alijaribu kusikiliza, akakunja kifaa, akanionyesha dari. Hakuna la kufanya. Tukakaa tukiingoja mvua, mimi nikiichukia kama mtu. Nilimshika mama tumbo kwa kiganja mara kwa mara kuona kama limekuwa gumu, na yeye akaniacha, macho yamefumba, midomo ikitembeza rozari. Mvua ilipopungua na kuwa matone ya mfereji tu, yule mama muuguzi alikuja, akasikiliza mahali palepale, upande wa kulia chini ya kitovu. Akangoja. Uso wake haukubadilika. Kisha akavua kifaa, akanivisha mimi masikioni.

Kwanza nilisikia moyo na pumzi, kama jana. Nikangoja. Kisha mlio mmoja, mdogo, wa juu, mbali sana. Kimya tena, kirefu, hadi nikadhani ni mimi niliyeutunga. Halafu ukaja mwingine, na mwingine nyuma yake, na mara ikawa safari nzima, kitu kinachojivuta na kujikamua gizani, kikibubujika pole kama sufuria ya maharagwe inapoanza kukubali moto. Hakuna aliyekiamuru. Mama mwenyewe hakujua kwamba kimeanza. Machozi yalinitoka mbele ya wagonjwa wote, na sikuyafuta, kwa sababu ningesogeza mkono ningepoteza ile sauti.

"Inasema nini?" mama aliuliza.

"Inatembea," nikamwambia.

Daktari alisikiliza naye, akafurahi kwa kipimo chake, akasema sauti peke yake haitoshi. Alitaka hewa itoke. Wodi nzima ikaanza kungojea. Mama yangu ni mwimbaji wa kwaya, mwanamke anayejifunika mdomo hata akipiga miayo, na hapo alikuwa amelala kati ya vitanda kumi na viwili vya watu wasiomjua, wote wakimwombea atoe hewa. Kesho yake alfajiri, nilipofika na chai ya mke wangu kwenye thermos, alinikonyeza nisogee.

"Imetoka," alininong'oneza, kwa haya kubwa.

Mgonjwa wa kitanda cha pili, bibi wa Mutwanga aliyefungwa mguu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tulisikia. Wasingya, Mungu." Na wodi ikaitikia kwa shukrani, kama ibada.

Mama alianza kwa vijiko vya chai, kisha uji, kisha siku ya nne kiazi kimoja kilichopondwa. Nilimtazama akimeza kile kiazi kuliko nilivyowahi kumtazama mtu yeyote akila. Nilijua kinakoelekea. Nilikisindikiza.

Alikaa nyumbani kwetu wiki tatu. Darasani mpira wa baiskeli niliuacha sandukuni. Niliwaambia watoto wafunge madaftari, kila mmoja aweke sikio tumboni mwa jirani yake wa jinsi yake, na yeyote atakayecheka atoke nje. Walicheka wote, kisha taratibu wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine, vichwa vimelala. Sikuandika neno lolote ubaoni siku hiyo.

Siku ya kurudi Beni nilimsindikiza hadi kituoni. Wenzake walikuwa tayari juu ya magunia. Mwenye leso ya njano akatoa kifuko chake, akagawa, akafika kwa mama, mkono ukasimama hewani. Mama akafungua fundo la kitenge chake, akatoa vidonge saba vilivyobaki, akavimimina kwenye kiganja changu.

"Fundisha nazo," alisema.

"Na ukibanwa njiani?"

"Nitaomba basimame."

Dereva akajifanya anapangusa kioo. Mimi niliyelia hospitalini, niliyefoka papo hapo kituoni juu ya vidonge hivyohivyo, nilisimama navyo mkononi nikitamani kumwambia ameze kimoja. Kimoja tu. Sikusema. Alipanda, akakaa dirishani, akapanga madumu yake matupu miguuni, na basi likaondoka.

Sikufundisha kitu cha maana asubuhi ile. Simu niliiweka mezani mbele ya darasa, jambo ninalowakataza wengine. Ilipoita nilitoka nje na chaki mkononi.

"Tumefika," alisema.

"Gari ilisimama?"

"Ilisimama."

"Wapi?"

"Kwa barrière ya basoda, pale baaskari banafungaka barabara. Niliomba, dereva akanyamaza. Nikaomba tena, akasimama pale. Soda mumoja akatuonyesha choo yabo, akasema kwa Lingala, 'Mama, kende noki,' enda mbio."

"Akawaonyesha ninyi? Wenzako si walikuwa wamemeza?"

"Balikuwa bameshameza, ndiyo. Mais bakashuka bote. Balisema mie hapana kushuka peke yangu."

Nilisikia nyuma yake kelele za Beni, pikipiki, mtu akiita bei ya mafuta.

"Na tumbo?" nikauliza.

"Inaongea tangu njiani. Ngoja usikie."

Akaiweka simu tumboni. Nilibana sikio langu la pili kwa kidole chenye chaki, nikafumba macho kama yule mama muuguzi. Sikusikia kitu ila kitenge kikisuguana na simu, na watu wakipita. Nilingoja dakika nzima, kisha nyingine, mpaka akairudisha simu mdomoni, akaniuliza kama nimesikia.

Nikamwambia ninasikia.